Kadi Mbili za Boksi Moja

Nimeishi miji mingi tangu nimalize kidato cha nne, na karibu kila mji nimeuacha kwa sababu ya mtu aliyekuwa na kitu nilichokitaka mimi. Arusha mtu huyo alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, na kitu chenyewe kilikuwa kadi ya picha ya kompyuta, kipande kisichozidi kiganja, chenye feni ndogo mgongoni.

Ilikuwa miaka ile ambayo kompyuta zilizotumika Ulaya zilishushwa kwa makontena, na kila mwenye fremu karibu na stendi aligeuka muuza kompyuta. Mchaga mmoja tuliyemzoea alitutolea boksi chini ya meza. "Zimebaki mbili, wadogo zangu, na ni mapacha. Chukueni yoyote, msinichoshe." Nilinyoosha mkono kwanza, nikachukua ya juu. Ndugu yangu akabaki na ya chini.

Zilikuwa kadi za bei ndogo, na gemu jipya la magari lilizilemea. Ila tulikuwa tumepata programu ya kuisukuma kadi ikimbie kuliko walivyoipanga kiwandani. Unavuta mshale kidogo kwenda kulia, unafungua gemu, unatazama namba pembeni mwa kioo inayoonyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde. Ikipanda, unavuta tena. Ukizidisha, kioo kinajaa vidoti na kila kitu kinaganda.

Chumba changu cha Sokon One ndicho kilikuwa kijiwe. Jumamosi mchana vijana sita, saba walijaa kitandani kwangu wakisubiri zamu. Sikuwa na kazi ya maana, na matokeo yangu ya mtihani hata mama alikuwa ameacha kuyataja. Lakini Jumamosi ilikuwa yangu.

Kadi yangu ilifika arobaini na moja. Niliringa nayo wiki nzima, mpaka ujumbe wa simu wa ndugu yangu ulipoingia kutoka kwao Akheri: "Hamsini na mbili. Haijaganda."

Sikuamini. Tulipanda kwenda kuona, mimi na wenzangu wote. Kwao ni juu, ndani ya migomba na kahawa, katika nyumba ya mawe aliyoijenga babu, ambayo hata saa saba mchana ukiingia unatamani sweta. Mama mdogo aliitikia shikamoo zetu moja moja, akaenda kututengea loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Kompyuta ilikuwa chini ya dirisha, ubavu wake wazi. Gari lilikata kona zote kama linateleza kwenye mafuta. Hamsini na mbili.

"Aisee, hii umeipeleka kwa mganga?" mmoja akauliza.

"Nimeisukuma tu," ndugu yangu akasema. "Hata ya kaka itafika. Aende nayo taratibu."

"Ya huyu? Ya huyu inachemka kama chungu cha mtori!"

Walicheka wote, nami nikacheka. Moyoni nilikuwa nimerudi dukani, mkono wangu juu ya boksi, nikijiuliza kwa nini sikuchukua ya chini.

Jumamosi iliyofuata walikuja wawili. Iliyofuata tena hakuja mtu. Niliwaona wakipita mbele ya mlango wangu kwenda kutafuta gari la Tengeru, njia ya Akheri, wakinipungia mkono.

Nilikwenda Akheri katikati ya wiki, peke yangu, kadi yangu nimeifunga ndani ya soksi kwenye mfuko wa koti. Ndugu yangu alifurahi kuniona, kama siku zote, na furaha yake ikanizidishia hasira. Haukupita muda mama yake akamwita akakate majani ya ng'ombe.

"Cheza tu, kaka. Nakuja sasa hivi."

Nilizima mashine, nikafungua skrubu moja, nikachomoa yake nikachomeka yangu. Aliporudi na mzigo wa majani kichwani, gari langu lilikuwa tayari barabarani na kadi yake iko kwenye soksi. Akaniletea chai ya maziwa. Niliinywa yote.

Jumamosi niliwaita wote, naye nikamwita. Nilitaka awepo. Ilikuwa saa nane, jua limekaa juu ya bati, na watu tisa ndani ya chumba kimoja. Nilivuta mshale mpaka pale alipokuwa akiuweka yeye. Gari likatoka, likafika kona ya pili, kioo kikajaa vidoti. Nikaanza upya. Mara ya tatu hata kona ya kwanza halikuiona.

"Mtori umeiva!" mtu akapiga kelele, na wengine wakatoka nje kutafuta kivuli.

Ndugu yangu alibaki. Aliinama, akagusa kadi, akatoa kidole haraka. "Inaungua hii. Chumba chako ni jiko, kaka. Yangu ukiishika ni baridi kama jiwe la mtoni. Juzi imefika hamsini na nne."

Hamsini na nne. Ile ya juu, niliyoichukua mimi dukani.

"Ihamishie nyumbani," akaendelea. "Pale mezani pana nafasi. Unakuja unapotaka, ukichelewa unalala." Hakuwa na ujanja wowote, na hapo ningeweza kumwambia. Lakini kadi ilikuwa imeshatoka akilini. Nilichokitaka sasa ni zile kuta, ule upepo wa mlimani dirishani, na mama anayeita kutoka zizini. Hivyo alizaliwa navyo, na hakujua hata kama ni vitu vya kutamaniwa.

"Hakuna haja," nikasema. "Naiuza."

"Uuze? Sasa Jumamosi tutacheza wapi?"

"Kwako."

Alidhani natania. Jumatatu nilimrudishia Mchaga mashine nzima, na nauli ya Mwanza ikatoka humo.

Kwa miaka kadhaa alinipigia simu, na kila mara aliisifu kadi ile: bado inakimbia, kaka, haijawahi kuganda. Nilimjibu kwamba ana bahati. Nilimaanisha, na sikusema kwa wema.