Oili Isiyozeeka Kwenye Pikapu ya Mkwe

Utaalamu wangu wa oili ulianza na fulana. Watu wa kampuni fulani walikuja Kibaha, wakafunga turubai karibu na Maili Moja, wakapanga viti vya plastiki, wakaita madereva na mafundi kwenye semina ya oili za kisasa. Mimi nilifuata soda. Nikakaa viti vya nyuma, nikanywa mbili, nikasinzia kidogo, nikaamka wakati wanagawa fulana. Mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba aliyeivaa anajua siri ya injini. Nikaivaa palepale. Hiyo siri yenyewe sijui ilitajwa saa ngapi, nadhani ni pale nilipokuwa nimelala.

Shule niliishia kidato cha pili. Nikiulizwa huwa nasema niliacha kwa matatizo ya kifamilia, na huo sio uongo. Familia ilikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa mimi. Sasa mtu wa aina hiyo ukimpa fulana inayomwita mtaalamu, haivui hata kwa kufuliwa.

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la spea. Mwenye gari akija kununua oili, kabla hajafika kaunta anapita kwetu, na akiona mgongo wangu anasimama.

"Kaka, hii sintetiki ni kitu gani hasa?"

"Oili ya kawaida inachimbwa," nasema. "Hii inapikwa."

"Inapikwa na nani?"

"Na wataalamu."

Hapo unaangalia barabara, kama mtu aliyewahi kuingia hilo jiko.

Mwingine akaja na gari dogo jeupe lenye kutu mlangoni. "Mwanangu, gari langu limenizidi umri. Nikilitia sintetiki si litavuja?"

"Litashtuka," nikamwambia. "Ni kama mzee aliyezoea uji, halafu siku moja umpe pilau na kachumbari."

Hilo nililitunga pale pale, mdomo ukiwa wazi. Wiki iliyofuata akaja baba mmoja kutoka Janga, akanisimulia mimi mwenyewe habari ya mzee wa uji na pilau, na akasema ameipata kwa fundi mkubwa sana. Sijawahi kujisikia vizuri namna ile. Uongo wangu ulikuwa umesafiri, umepanda cheo, umerudi nyumbani kunisalimia.

Wakawa wanauliza, nami najibu. Ukishaanza sintetiki unaweza kurudi kwenye ya kawaida? Ukirudi injini inanuna. Na kuchanganya je?

"Kuchanganya ni dhambi," nikasema kwa sauti ya mtu anayehutubia. "Bora umimine maji ya dafu."

Na inakaa kilomita ngapi? Hapo ndipo nilipopendeza zaidi. "Elfu kumi. Ukiendesha kistaarabu, hata kumi na tano."

Ningeishia kwenye maneno, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Bahati mbaya nilikuwa na gari mkononi, na gari halikuwa langu.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Kisarawe, wa kuzaliwa na kuzikwa hukohuko. Analima muhogo na mananasi, na ana mashine ya kusaga nyuma ya nyumba. Ile pikapu aliinunua uzeeni, baada ya kuuza shamba la mikorosho aliloachiwa na baba yake. Siku aliyonikabidhi ufunguo ili nipeleke mzigo Kibaha na Mlandizi, alipiga bodi kwa kiganja.

"Mwanangu, hii ndiyo mikorosho ya marehemu baba. Imeota matairi tu. Ikifa, sina shamba jingine la kuuza."

"Baba, ondoa shaka," nikasema, nikampa mgongo makusudi ili asome fulana.

Maisha yetu yakawa hayo. Naishi Kibaha na mke wangu. Siku za mzigo, ambazo huwa ni Ijumaa, tunakwenda Kisarawe kwa ile njia ya vumbi, tunapakia, tunarudi kuuza. Mke wangu anakaa kushoto. Kuendesha anajua, alifundishwa na baba yake kwenye pikapu hiyohiyo kabla sijamwoa, ila jambo hilo sikuona sababu ya kulitaja kijiweni.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Oili ya kawaida, ile nzito, na kila miezi mitatu inamwagwa, gari limetembea au limelala. Nikamcheka kwa adabu. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, nikaipeleka pikapu gereji ya Kibaha, nikatia sintetiki. Fundi akafunga kikadi kwenye usukani. Akatazama saa ya kilomita kwenye dashibodi, akajumlisha elfu kumi, akaandika. "Urudi ikisoma hapa."

Sasa ile saa ya kilomita ilikuwa imekufa. Kebo yake ilikatika kwenye mashimo ya Kisarawe muda mrefu nyuma, na mimi nilijua. Sikuitengeneza makusudi. Niliwaza kwamba gari lisilosogeza namba halizeeki, na siku mzee akitaka kuliuza tutasema halijatembea sana. Fundi hakujua, nami sikumwambia. Kwa hiyo kichwani mwangu kulikuwa na habari mbili, moja ya saa iliyokufa, nyingine ya kikadi, na miezi yote zililala chumba kimoja bila kusalimiana.

Kila wiki nilikuwa naangalia kikadi, naangalia saa. Bado elfu kumi. Nikaenda Soga na mananasi, nikaangalia. Bado elfu kumi. Kijiweni nikawatangazia.

"Hii oili wamepika watu! Nimezunguka Mlandizi, Soga, Kisarawe, kwenda na kurudi, na haijatumia hata kilomita moja."

Nilitegemea japo mmoja acheke. Hakucheka mtu. Watu wazima, wenye leseni na wake na watoto, wakatikisa vichwa kwa mshangao. "Duh, teknolojia," akasema mmoja, akaingia dukani akanunua madumu mawili.

Ikaja Ijumaa moja. Tulikuwa Kisarawe, watu wametoka kuswali, tumekula wali, muhogo umeshapakiwa. Nikawasha gari. Mzee akasimama karibu na boneti, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, hiyo sauti ya kokoto ni ya nini?"

Nilikuwa nimeisikia tangu wiki ya nyuma, nikaongeza sauti ya redio. "Baba, sintetiki ina sauti yake."

"Zima."

Nikazima, nikashuka. Akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye kipande cha gunia. Gunia likawa jeusi kama limepita kwenye tanuri la mkaa.

"Inakuwa nyeusi kwa sababu inasafisha, baba."

"Inasafisha tangu lini?"

Nikaingiza kichwa dirishani nikasoma kikadi. "Bado elfu kumi."

Mzee akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Tumefunga, tumefungua. Tumechinja. Maulidi tumesoma. Hiyo elfu kumi inakaa wapi?"

Nikamwonyesha saa. Akavaa miwani, akaingia ndani ya gari, akakaa. "Washa. Twende mpaka msikitini turudi, taratibu."

Tukaenda. Njia nzima hakutazama nje. Watu wanamsalimia, "Shikamoo mzee," naye anaitikia marahaba huku macho yako kwenye dashibodi. Tukafika msikitini, tukageuza, tukarudi. Kokoto zinalia.

"Imesogea?"

"Haijasogea, baba."

"Tumekwenda au hatujakwenda?"

"Tumekwenda."

Akavua miwani akaiweka mfukoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia la vyombo, akaingia ndani haraka, tukasikia sinia linatikisika huko kwa kicheko. Mke wangu alikuwa amejifunika uso wote kwa khanga. Zile habari mbili kichwani mwangu ndiyo kwanza zikapeana mikono.

Fundi wa mzee anakaa si mbali. Tulishusha muhogo wote, tukaisukuma pikapu mpaka kwake, maana mzee alikataa isiwashwe tena. Ni mtu mwembamba, hana fulana yoyote, anafanya kazi kifua wazi. Akaingia chini ya gari akafungua sampo, lile bakuli la oili. Oili haikumwagika. Ilitoka ikijivuta, nzito, na nyuma yake yakafuata mabonge kama halua iliyoungua.

Mzee aliketi juu ya kreti la soda na tasbihi yake. Mimi nilisimama. Kuna kiti kilikuwa wazi lakini sikuona kama ni changu. Saa nzima sikusikia kitu zaidi ya spana na zile shanga, na kila mara fundi akiguna kule chini, shanga zinasimama.

Nikaiona ile mikorosho. Sijawahi kuiona kwa macho, lakini siku ile niliiona yote, imepangwa mstari, na mimi napita naikata mmoja mmoja nikiwa nimevaa fulana.

Fundi akatoka chini. "Mzee, beringi zimelika kidogo, lakini haijafa." Akafuta mikono. "Ila kuna kitu kinanishangaza. Kwa oili ya umri huu, injini ingekuwa imekauka zamani, maana hii inakula oili. Nani alikuwa anaongeza?"

Nikatikisa kichwa. Mimi kufungua boneti ya sintetiki nilikuwa naona kama kuitukana.

Mzee akakohoa. "Mimi."

"Baba?"

"Kila Ijumaa ukiwa ndani unakula, mimi navuta kijiti. Nakuta imeshuka. Namimina kidogo ile ya mashine ya kusaga."

"Ile nzito?"

"Nzito ipi nyingine ninayo?" Akageuza shanga moja. "Weusi nilikuwa nauona. Nikasema mkwe wangu amesoma, labda ndivyo inavyotakiwa. Na wewe ulishatangaza mbele ya watu huko Kibaha kwamba kuchanganya ni dhambi, habari zikafika mpaka huku, sikutaka kukuaibisha. Nikawa naitenda kwa siri."

Fundi alicheka mpaka akashika bampa. Yule mzee wa watu, mtenda dhambi ya kuchanganya, kila Ijumaa baada ya swala anatoka na chupa chini ya kanzu kwenda kuokoa gari lake dhidi ya elimu yangu. Na mimi niko ndani naongezwa mchuzi.

"Kuchanganya sio kuzuri," fundi akasema alipopata pumzi, "lakini sio sumu. Zote ni oili."

"Na gari la zamani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka walau swali moja lipone.

"Unaweka tu, bora uzito uwe ule gari linaoutaka na sili, ile mipira ya kuzuia oili, ziwe nzima. Likivuja, ujue sili zilikuwa zimeshachoka, uchafu ndio ulikuwa umeziba."

"Na ukitaka kurudi kwenye ya kawaida?"

"Unarudi. Nani atakukataza?"

"Injini hainuni?"

Akanitazama. "Injini, shemeji?"

Kila jibu lake lilikuwa linanivua mwanafunzi mmoja. Akamalizia kwamba sintetiki haina kosa lolote, ni oili nzuri na inakaa zaidi, lakini hakuna oili inayokaa milele, na kwa vumbi la njia yetu hata hizo elfu kumi ni za kwenye karatasi. Huku kwetu imwagwe mapema zaidi, na tarehe iandikwe, kwa sababu tarehe haina kebo ya kukatika.

Wakasafisha injini, wakatia filta mpya, oili mpya na kebo mpya ya saa. Jioni ile tukaiwasha. Mzee akainamisha kichwa tena kwenye boneti. Kokoto zilikuwa zimebaki chache, za mbali, kama mtu anayetembea nyumba ya jirani. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akanyoosha mgongo na kusema alhamdulillahi, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri.

Nikanyoosha mkono nipokee ufunguo. Mzee akanipita. Akaenda mpaka kwa binti yake akauweka kiganjani mwake, akavifunga vidole vya binti juu yake.

"Dereva ni wewe. Kila miezi mitatu, imwagwe. Usimuulize mtu."

"Na mimi, baba?" nikasema.

"Wewe mwanangu mdomo wako tumeuona unavyofanya kazi. Sasa tuone mabega."

Kesho yake asubuhi nikapakia magunia ya muhogo peke yangu, nikapanda juu yake nyuma. Mke wangu akarekebisha kioo, akafunga mkanda, akaondoa gari bila kulitikisa, jambo ambalo mimi lilinichukua mwaka. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza nikaona anachelewa kupunguza gia. Nikagonga paa. Nikagonga tena. Nikapiga kelele, "Gia! Tia gia ndogo, injini inalemewa!"

Akasimamisha gari katikati ya vumbi. Akashuka, akazunguka mpaka nyuma, akaniangalia kule juu mkono ukiwa kiunoni.

"Baba watoto, unataka kwenda Kibaha au unataka kufundisha?"

Gunia lilikuwa linanichoma kwenye paja. Nikalisogeza kidogo.

"Kibaha," nikasema.