Nyayo za Mama

Mama hakupanda kwa kalenda wala kwa redio. Mvua za kwanza za masika zikishapita, alivua ndala saa ya jua kali, akasimama katikati ya shamba letu, nyuma ya Kigombe, akasoma Alhamdu taratibu mpaka amin. Akimaliza bila kuinua unyayo, udongo umepoa, tunapanda. Akiinua, tunasubiri mvua nyingine. Ndivyo alivyofundishwa na bibi, na sikumbuki hata mwaka mmoja aliokosea.

Mbegu nayo ilikuwa ya bibi: mahindi meupe mafupi, yaliyoning'inia na maganda yake juu ya jiko, meusi kwa masizi. Kijiji kizima walishahamia mbegu za dukani. Ikipotea ile, imepotea.

Mwaka jana mvua ilipiga asubuhi moja tu, jua likarudi na hasira zake. Nilitoka kwangu mjini, Makorora, kuja kumsaidia. Shambani nikavua viatu nami, nikaanza Alhamdu. Loo! Sikufika hata nusu, nikaruka pembeni.

"Mama, panaunguza!"

Yeye kasimama tuli. Alisoma mpaka mwisho, akanicheka. "Marumaru za mjini zimekulegeza, we mtoto. Hapa pamepoa. Lete mbegu."

"Basi tubakishe kidogo."

"Tubakishe ya nini? Unanipangia shamba langu?"

Mama yangu kichwa ngumu, jamani, akishasema amesema. Na nani angebishana na miguu ile? Nikavaa viatu, nikachimba mashimo, yeye akadondosha punje na kufukia kwa unyayo. Tukapanda yote.

Haikuota. Jirani alinipigia simu nije, mama anashinda shambani akifukuza kunguru wasiokuwepo. Nilimkuta amepiga magoti, anafukua kwa kisu. Punje zilikuwa zimevimba, laini, ukiziminya zinatoa maji yanayonuka. Zilikunywa ile mvua moja, kisha zikapikwa humohumo ardhini. Alisema ni kunguru, halafu akasema ni jicho la watu.

"Udongo ulikuwa baridi," alirudia. "Si ulikuwepo?"

Jioni tulinawa mikono kwa sabuni, lakini harufu ya uozo haikuondoka. Nikamwinua mguu wa kulia. Malengelenge yalikuwa yamepasuka unyayo mzima, yamejaa mchanga, na pembeni nyama imeanza kuwa nyeusi.

"Mama, hapa hapaumi?"

"Hapa wapi?"

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao miaka mingi, vidonge akimeza anapokumbuka. Miguu ilishakufa ganzi, naye alikuwa bado anaiuliza habari za udongo. Nililia mbele yake kwa hasira, na hata sijui nilimkasirikia nani. Hospitali walimkata chini ya goti.

Masika haya nimemweka kwenye kigoda ukingoni mwa shamba. Mvua imenyesha vizuri, mchana na usiku. Nikasimama pekupeku mimi, nikasoma mpaka amin.

"Pamepoa?" akauliza.

"Pamepoa, mama."

Alinitazama miguu muda mrefu, kisha akanyoosha mkono apewe mbegu. Nikamwekea zile nilizonunua Muheza, nyekundu kwa dawa. Akazigeuza kiganjani.

"Hizi za nani?"

"Za dukani."

Akanirudishia zote. "Haya, panda wewe."