Ukaguzi wa Miguu

Baba yangu alikuwa askari wa miguu. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Wote wawili wamestaafu zamani na wote wawili sasa ni wazee, baba yuko Kibeta, mjomba Buhembe, mitaa miwili ya mji mmoja, lakini nyumbani kwetu ugomvi wa watu wa mbele vitani na watu wa nyuma wanaowaletea mahitaji haujawahi kustaafu. Nilikua nikiusikia kama ninavyosikia mvua juu ya bati: nikiukosa ndipo nashtuka.

"Mulamu," mjomba angesema akiingia, maana ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu, "bado unatembea? Wenye akili walishapata magari."

"Na wewe bado umekaa? Tazama kitambi hicho. Jeshi lilikupa kiti, ukadhani ni cheo."

Mama, alipokuwa hai, aliwaletea kahawa na kuiweka katikati yao kama mpaka. "Mngeoana ninyi wawili," alisema, "mimi nikabaki zangu kwa baba."

Kesi kubwa kati yao ilikuwa ya maji. Zamani, mpakani, kikosi cha baba kilikuwa juu ya kilima kikisubiri lori la maji, na lori lilichelewa mpaka askari wakaanza kulamba umande kwenye majani ya migomba. Dereva wa lori lile alikuwa mjomba. Alikuwa amesimama njiani kukaza nati za gurudumu. Baba hakulisamehe jambo hilo. "Watu wanakufa kwa kiu, yeye anabembeleza gurudumu!" Na mjomba hakuona kosa lake. "Nisingekaza, lori lingelala mtoni na maji yenu wangeyanywa viboko." Kisha, akiona anazidiwa, angetoa silaha yake ya mwisho: "Na kwetu Muleba uliletwa na nini? Miguu?"

Na hilo lilikuwa kweli. Walipata likizo pamoja, mjomba akampakia, na baba akashuka mbele ya kibanja cha kwao mjomba, shamba la migomba na kahawa, ambako msichana mmoja alikuwa anaanika buni kwenye mkeka. Msichana huyo alimwambia asiendelee kusimama juu ya kahawa yake na mabuti. Ndiyo salamu ya kwanza mama aliyompa.

Nikisema baba alikuwa askari wa miguu, sisemi tu jina la kikosi. Kila Jumamosi jioni alitupanga watoto kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, miguu imeoshwa, nyayo zikitazama mbele. Yeye, ambaye sikuwahi kumwona akimwinamia mtu, alichuchumaa mbele yetu mmoja mmoja. Alishika kisigino kwa kiganja cha kushoto, akatenganisha vidole kwa dole gumba la kulia, akitafuta funza, nyufa, malengelenge. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye joto. Nilijifunza mapema kwamba nikikaa kimya kabisa, atakaa kwangu kidogo zaidi.

"Bunduki ikiharibika utapewa nyingine," alisema kila mara. "Mguu hautoki stoo."

Alikuwa kiongozi wa seksheni, yaani watu wachache waliolala, kula na kutembea pamoja chini ya jicho lake. Baada ya safari ndefu hakugusa chakula mpaka awe ameona miguu ya kila mmoja wao. Askari aliyeficha lengelenge aliadhibiwa kuliko aliyepoteza kofia, kwa sababu anayeficha lengelenge leo, kesho anabebwa, na anayebebwa anawatoa wawili kwenye mstari. Nilimuuliza siku moja ni nani alikagua miguu yake yeye. Alicheka sana. "Mimi? Mimi nilijikagua."

Mama alifariki, tukamzika kwenye kibanja alichonunua baba huko Muleba, karibu na kwao, na mwaka uliofuata baba akagundulika kuwa na sukari. Nilikuwa naye siku daktari alipomweleza. Daktari, kijana mpole, alisema sukari huua hisia za nyayo, kwamba mtu anaweza kukanyaga moto asijue, na kidonda kidogo kikiachwa kinaweza kuchukua mguu mzima. Kwa hiyo mzee atazame nyayo zake kila siku, au atazamwe na mtu.

"Daktari," baba akasema kwa upole uleule, "miguu ndiyo kazi yangu."

Nasi tuliamini. Nani angethubutu kumwambia baba avue viatu? Mimi nimepanga chumba mtaa wa Bakoba, ndugu zangu wako mbali, na kila nilipofika Kibeta nilimkuta amevaa viatu vyake vya ngozi vya kamba, vimeng'arishwa, ametoka kutembea au anakwenda kutembea. Hatukujua kwamba magoti hayamruhusu tena kuuona unyayo wake mwenyewe. Hatukujua kwamba ardhi ilikuwa imeacha kumjibu. Yeye alijua, na alichoogopa hakikuwa kifo. Aliogopa amri moja tu: mzee, usitembee tena.

Siku ya kumbukumbu ya mama tulikuwa tunakwenda Muleba, kama tunavyofanya kila mwaka, kulifagia kaburi na kula na ndugu. Mjomba alikuja asubuhi na pikapu yake ya zamani. Nyuma tulishapakia ebitoke, zile ndizi za kupika, sufuria, na chungu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kilichobaki ni kuondoka, lakini na mjomba hakuna kuondoka. Kuna kukagua kwanza. Alitazama oili, akatazama maji ya rejeta, akaminya breki, akapita kwenye kila gurudumu akilipapasa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la uso la mtoto. Mwisho akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma uvunguni.

Baba alikuwa amesimama kando, fimbo kwapani, shati jeupe limenyooshwa.

"Mulamu, marehemu dada yako anatusubiri."

"Anajua mimi ni dereva. Atasubiri."

"Kikosi kizima kinangoja mtu mmoja aliyelala chini. Hiyo ndiyo historia ya jeshi letu." Akasogea, akaanza kuligonga gurudumu la mbele kwa ncha ya kiatu, kisigino kikiwa chini. "Toka huko! Toka! Ama umesinzia?"

  Sauti ya mjomba ikatoka uvunguni, na haikuwa sauti ya utani.

"Usiuteremshe huo mguu."

"Nini?"

"Nasema uache hapohapo ulipo."

Alitoka kwa mgongo, akapiga magoti kwenye mchanga wenye unyevu, akakishika kiatu cha baba kwa mikono yote miwili. Nami nikainama. Katikati ya soli kulikuwa na kichwa kipana cha msumari wa bati, kimelala sawasawa na ngozi, kinang'aa kwa kusuguliwa na njia. Jirani alikuwa ameezeka wiki ile. Baba alikuwa anatembea juu ya msumari, na hakuna aliyejua tangu lini, hata yeye.

"Vua," mjomba akasema.

Baba akauvuta mguu wake. "Kwani mguu wangu ni gari lako?"

"Vua, mulamu."

"Tutavua Muleba. Twende kwanza. Ni msumari tu, umeshika soli."

"Ungekuwa umeshika soli tu, ungekuwa umepinda. Huu umezama."

"Wewe ni fundi wa matairi, sasa umekuwa daktari?" Baba alikuwa anatabasamu. "Washa gari. Ni amri."

Mjomba alitoa ufunguo mfukoni. Nilidhani anakwenda kuwasha. Aliurudisha.

"Gari lenye kasoro halitoki," alisema. "Hata akija jenerali. Wewe unajua. Ndiyo sheria moja tu tuliyokuwa nayo sisi watu wa nyuma ambayo hakuna mkubwa angeweza kuivunja. Dereva akikataa, amekataa."

"Gari halina kasoro."

"Aliyemo ana kasoro."

Baba aligeuka, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Alikwenda wima, kifua mbele, kwa ile hatua yake niliyoipenda tangu utotoni, na sasa ilinitia hofu, kwa sababu alikuwa anaupigilia msumari mwilini mwake kila hatua, na uso wake haukuonyesha chochote. Nilimwita. Hakugeuka. Nilikimbia nikamshika mkono, akaniondoa taratibu kama mtu anavyoondoa tawi njiani.

Mjomba hakukimbia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, ya kusikika mpaka langoni:

"Afande. Ningekuwa mtu wa seksheni yako, nina mguu huo, nimekuficha. Ungenifanya nini?"

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mjomba akimwita baba afande. Nadhani na baba hakuwahi kusikia. Alisimama.  Kisha akarudi, akakaa kwenye ngazi, akaanza kuhangaika na kamba za kiatu. Hakuweza kuzifikia. Mjomba akapiga magoti tena, akazifungua.

Msumari ulipotoka na kiatu, soksi ilikuwa imelowa damu nyeusi. Mjomba aliikata kwa kisu chake cha kukatia mipira. Akauosha unyayo kwa maji ya dumu analobeba kwa ajili ya rejeta, akiyamimina kidogo kidogo kiganjani kwanza ili yasiwe baridi. Kulikuwa na tundu la msumari, na chini ya kidole kidogo kulikuwa na kidonda kingine, cha zamani, chenye kingo nyeupe.

"Inauma?"

Baba alikuwa anatazama pembeni, kwenye migomba. "Haiumi."

"Hapa?"

"Haiumi." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, "Mulamu, hainiumi popote. Siku nyingi sasa. Natazama chini nijue kama mguu umefika."

 Mjomba aliendelea kuushika ule mguu, kisigino kwenye kiganja cha kushoto, na mimi nikaingia ndani nikajidai natafuta kitambaa safi.

Muleba hatukwenda. Tulikwenda hospitali, tukawapigia simu ndugu, wakala bila sisi. Baba alilazwa. Walijitahidi sana na mguu, na ukabaki, ila kidole kidogo hawakuweza kukiokoa. Aliporudi nyumbani, mjomba aliketi mbele yake na kusema, "Usihuzunike, mulamu. Lori lina magurudumu kumi, likipoteza moja linafika."

"Linafika limechelewa," baba akajibu. "Kama kawaida yenu." Nikajua atapona.

Tangu hapo mjomba alikuja kila asubuhi kutoka Buhembe. Muuguzi alikuwa amemwonyesha namna ya kusafisha na kufunga, na yeye aliifanya kazi ile kama anavyofanya kila kazi, kwa mpangilio uleule bila kuruka hatua. Wala usidhani kulikuwa na amani. Baba alikosoa kila kitu.

"Katikati ya vidole umeacha unyevu."

"Nilikuwa nakuja huko."

"Katikati ndiko kunakoanza kuoza. Askari wangu yeyote angejua."

"Askari wako walikuwa na vidole vyote."

"Kaza bandeji. Hiyo ni ya mwanamke anayefunga zawadi."

"Ikikazwa sana damu haipiti. Ni kama mkanda wa feni, unaachia kidogo."

Nilipowakuta hivyo, nimekuja na mkate au senene, wale panzi wa msimu, niliketi mlangoni bila kuwasemesha. Mimi ni mwandishi, na mtu mwenye riwaya isiyokwisha mezani hujifunza kwa watu kama hawa. Mwanzoni nilidhani mjomba anaufanyia mguu ule kazi ya dereva. Baadaye niliona baba alivyokuwa anamfundisha, siku baada ya siku, kwa matusi, kila alichokijua: namna ya kunusa kidonda kabla hakijaoza, rangi ya ngozi ya kuiogopa, kwa nini soksi ivaliwe nje ndani ili mshono usiguse mwili. Yale ambayo jeshini hakumfundisha mtu asiyebeba bunduki, sasa alimwachia mtu wa nyuma yote. Na mjomba aliyapokea akinung'unika, na hakusahau hata moja.

Miezi ilipita. Daktari alimruhusu baba atembee kidogo, kwa viatu vipana, akipumzika. Jumamosi moja mjomba akakagua pikapu, akalala uvunguni, akatoka, akaukagua mguu wa baba, na akawasha.

Tulipita Kemondo, tukapita Muhutwe, ziwa likionekana na kupotea. Tulipofika mahali njia ya vumbi inapoacha barabara kwenda kwetu, baba akagonga dashibodi.

"Nishushe."

Mjomba alisimamisha gari. Nilisubiri ugomvi. Si mbali kutoka pale mpaka kibanjani, lakini ni mlima. Mjomba akatazama njia, akatazama viatu vya baba, akamfungulia mlango kutoka ndani.

Baba alishuka, akaanza kupanda. Alichechemea. Ile hatua ya zamani haikuwepo tena, na hakujaribu kuiigiza. Alitazama chini kila alipokanyaga. Mjomba akaweka gia ya kwanza, akamfuata nyuma, polepole kiasi kwamba mbuzi walitupita. Injini ilikuwa inaguna.

"Tumpite tukamsubiri juu?" niliuliza. "Gari litachemka."

"Likichemka litapoa," mjomba akasema. Macho yake hayakuondoka kwenye visigino vya baba. "Mwanangu, gari la nyuma linakwenda kwa mwendo wa watu wa mbele. Sisi tuko hapa kwa ajili yao."

Baba alifika kaburini. Hakukuwa na mtu bado, ndugu walikuwa wanakuja. Aliliondoa jani moja kavu kwa fimbo, akamsalimia mama kwa Kihaya, kimya kimya, maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akakaa kwenye ukingo wa saruji, akaunyoosha mguu, na kabla mjomba hajazima gari, akaanza kuvuta kamba za kiatu kwa ncha ya fimbo, tayari kwa ukaguzi.