Uzi wa Katani Kwenye Barua ya Papa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chumba cha Hati alinipeleka kwenye sinki. "Osha mikono, kausha, usivae glavu," alisema. "Kidole chenye glavu hakihisi ngozi ya hati inapoanza kupasuka. Na uandike unachokiona, si unachokijua."

Nilikuwa nimetoka kubeba mafaili katika ofisi moja ya serikali kule Saint Paul. Kilichonivusha mto hadi maktaba ya hati za kale, Minneapolis, ni Kilatini, nilichofunzwa kwa fimbo seminarini. Chekeni tu, vijana, lakini fimbo zile zilinilipia nyumba katika mji huu wa Savage.

Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha barua za zamani, hasa zile za Mapapa na watawala wa dola ambazo Wazungu walizianzisha Palestina na Shamu wakati wa Vita vya Msalaba. Nyingi zilikuwa nakala. Barua halisi ilikuwa ya ngozi, na muhuri wake ulikuwa wa madini ya risasi. Barua ya kumpa mtu haki ilitundikwa muhuri kwa uzi wa hariri, ya amri kwa uzi wa katani, si ya mkonge bali ya mmea wa Ulaya. Barua ya siri ilikunjwa, uzi wa katani ukapitishwa kwenye mikunjo, kisha risasi ikagandamizwa juu ya uzi. Huwezi kuisoma bila kuukata.

Mwaka wangu wa tatu lilikuja furushi la barua kutoka kwa familia moja ya Ulaya. Mimi nimezaliwa kwenye shamba la mkonge, Tanga. Baba alisokota nyuzi maisha yake yote, na kwetu hata ndoo ilifungwa kwa katani. Nilipoona uzi ule, mkono uliutambua kabla ya akili. Nikadhani ni kamba ya mfungasha mizigo, nikaukata kwa mkasi. Risasi iliyokuwa upande wa chini ikaanguka mezani, ikiwa na vichwa vya Petro na Paulo. Niliikunjua barua, nikaisoma.

Barua hiyo aliandikiwa bwana mmoja aliyelinda ngome huko Shamu. Papa alimwambia avumilie, meli za msaada zinakuja. Mjumbe hakufika, na kwa karne zote hizo hakuna aliyeifungua, mpaka mimi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, akaacha kula. "Baba Neema, waki-ku-fire, karatasi zetu zitakuwaje?" Kibali changu cha kuishi kilitegemea kazi ile.

"Ndiyo hiyo naogopa," nilimjibu.

Kesho yake niliandika kwenye orodha: Uzi umekatwa. Sikuandika nani aliukata. Mkuu alisoma akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Safi," akasema. "Umeandika ulichokiona."

Wakaja wasomi. Kwa kuwa uzi umekatwa, waliandika vitabuni kwamba yule bwana aliisoma ahadi ya Papa, kisha akaisalimisha ngome kwa adui hata hivyo. Wakamwita mwoga, na mmoja akamwita msaliti. Nilisoma vitabu hivyo ndani ya treni nikitokwa na jasho wakati nje theluji inaanguka. Nilipopandishwa cheo niliogopa, simu ya Mkuu ikilia niliogopa. Akastaafu yeye, wakaja wakuu wengine wawili, nami nikaendelea kunyamaza. Uraia nilishaupata zamani. Nilikuwa naogopa kwa mazoea tu.

Siku ya kuniaga walikata keki, wakanisifu kwa uangalifu wa mikono yangu. Keki yangu niliiacha mezani.

Wiki iliyopita niliwaandikia wasahihishe orodha, na jibu halijaja. Bado naliogopa sanduku la barua pale nje. Lakini ninyi mtakaosoma vitabu vile mjue: bwana yule hakuiona barua. Aliisalimisha ngome akiamini hakuna anayekuja. Uzi niliukata mimi, na mwoga nilikuwa mimi.