Fomu Isiyo na Jina

Daktari aliniambia kwa upole kwamba wizara ya afya ingepelekewa fomu. "Haina jina lako," akasema. Umri, namba ya posta ya mtaa, nchi niliyozaliwa, basi. Ni utaratibu, ili serikali ijue mimba zinazotolewa ni ngapi na wapi. Nikaitikia kama mtu mwenye akili zake, kumbe moyoni nimeshaanza kuhesabu.

Jamani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Tanzania, mkazi wa Merrylands, mtaa wetu huu wa ughaibuni: tuko wangapi? Na rafiki yangu wa kwaya, yule Mkenya wa mtaa wa jirani, Guildford, ninayeimba naye sauti ya pili, kazi yake ndiyo hiyohiyo, kujumlisha takwimu za afya. Kanisani wakijua, nimekwisha. Mume wangu tulikubaliana, halafu siku yenyewe akaenda zake zamu ya ghala kule Wetherill Park, kama vile naenda kung'oa jino.

Wiki tatu nikaishi roho juu. Jumapili yule rafiki yangu akinichekea, nasema huyu ameshaona. Asiponichekea, nasema ndiyo hiyo, ameona! Nikaanza kukwepa mazoezi, nikisingizia zamu za wazee ninaowahudumia. Nilimchukia, masikini, na hajanikosea kitu.

Jumamosi moja akaja mwenyewe, na chapati zake. Nikamimina chai, nikajitia ujanja.

"Hivi hizo takwimu zenu za... za kutoa mimba, mnawaona watu?"

"Tunaona jumla tu, dada."

"Na kama mahali yuko mmoja tu? Wa kwetu, wa umri wangu hivi?"

Akaacha kutafuna. Mungu wangu! Fomu haikunisema. Nimejisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, chapati mkononi.

"Wakiwa wachache, idadi hatuiandiki," akajibu polepole. "Tunaificha, ili mtu asijulikane."

Niliinamia kikombe changu. Nilikuwa nangoja achukue mkoba wake aage, kisha kesho yake macho ya kwaya nzima yawe mgongoni mwangu. Akavuta kiti, akasogea.

"Nani alikupeleka?"

"Nilipanda treni."

"Na kurudi?"

"Treni."

"Wewe nawe," akasema. "Na mimi nina gari."