Zamu ya Garrity Kuoga

Ungekuwa wewe, ungeoga au ungeosha ndege?

Swali hilo lilimkabili Koplo Dermot Garrity, fundi wa ndege, jioni moja, kwenye kambi ya muda ya jeshi la anga kaskazini mwa Australia, pampu ya kisima ilipoharibika. Ndege ya doria ilikuwa imetua kutoka baharini, ilikokuwa ikiwatafuta wavuvi waliopotea, imeganda chumvi mwili mzima, na chumvi isipooshwa hula bati kama mchwa alavyo mbao. Tangi lilibakiza maji ya kazi moja tu. Kesho yake Garrity alikuwa anarudi nyumbani kumpakata binti yake kwa mara ya kwanza, naye alinuka grisi na jasho.

"Oga, baba mtoto," Sajini Lunn alimwambia. "Mtoto atadhani kazaliwa na jenereta!"

"Ndege isiporuka kesho, afande, wale wavuvi waliopotea atawatafuta nani?"

"Basi usinikaribie mezani."

"Kwani wewe unanukia uturi?"

Wakacheka. Garrity akavuta mpira wa maji, akaiosha ndege kuanzia pua hadi mkia, mpaka tangi likakauka. Magazeti huwapiga picha marubani. Mikono kama ya Garrity hayaijui.

Asubuhi alipotoka hemani na begi lake, aliwakuta mafundi wenzake wamesimama mlangoni, kila mmoja ameshika kikombe cha maji yake ya kunywa. Lunn akammiminia chake kichwani, na mwingine akamrushia sabuni.