Tangi Nililokataa Kulisugua

Nikiikumbuka siku niliyogombana na profesa kule Brussels, mwanangu, damu hunichemka hadi leo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilitoka Pemba kwenda kusoma mambo ya bahari katika mji usio na bahari. Kazi yangu ilikuwa kulea konokono wa baharini, wachanga, wadogo kama punje za mchele, katika matangi ya chuo, tujue wanakua vizuri wapi.

Wakawa wanakufa. Kila asubuhi nakuta magamba matupu.

Profesa alitaka matangi yang'are. Kila jioni tusugue vioo, tuyafute hata majani ya bahari tuliyowapandia, mpaka ule utando wa kahawia unaoota juu yake uishe. Miye nimekua nikiokota kombe na mama zangu maji yakishakupwa. Utando ule naujua, na vikonokono nimeviona vimeung'ang'ania vikiula. Nikamwambia, "Tunawafutia chakula chao."

Akacheka. "Hapa si kwenu. Wakifa hawa, ufadhili wako umekwisha. Utarudi."

Nikafika nyumbani, mtaa wa Schaerbeek, nalia. Maman Zaituni, Mrundi aliyenipangisha chumba, akanishangaa kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. "Alors, unapigana na profeseri juu ya konokono? Mutoto wangu, sugua tu, unyamaze. Bon, wakikurudisha, utafanya nini?"

Alinipenda, na woga wake niliuelewa. Yeye alikimbia vita. Lakini mimi nirudi wapi? Pemba, kwa mama yangu! Ebo, tangu lini kwetu kukawa adhabu?

Kesho yake nikamkabili profesa. "Tangi hili silisugui. Nifukuze."

Akaniachia hilo moja, ili niaibike. Utando ukatanda, tangi likawa baya kulitazama. Na ndani yake wale wadogo wakala, wakanenepa, magamba yakapata mistari. Kwenye matangi yanayong'aa hakubaki hata mmoja.

"Bahati," akasema profesa.

"Basi na wale wengine ungewaachia bahati yao."

Nilimaliza masomo, nikarudi Pemba kwa hiari yangu. Hakunipongeza. Asinipongeze!

Sasa uko huko Ulaya wewe, na kila ukifungua mdomo unatishwa kurudishwa. Unachokijua kiseme, mwanangu, ukiseme wazi, wala usimwinamie mtu. Anayekutisha kwa kwenu hana kingine cha kukutishia. Wakikurudisha, njoo. Mlango uko wazi na chakula kipo. Mungu akupe ujasiri, akulinde na kila anayetaka unyamaze.